Sinia, Kauri na Udongo wa Basra: Tafakuri juu ya Kuiga

Utangulizi

Katika nyumba nyingi za upwa wa Afrika Mashariki sinia ni chombo kisichohitaji maelezo. Pilau hupakuliwa juu yake, wageni hulizunguka, na mwenye adabu hula upande unaomwelekea bila ya kunyoosha mkono kwa mwenziwe. Aghalabu sinia huwa la shaba au la aluminiamu, na hakuna anayelitazama akaikumbuka Uchina. Hata hivyo, Uchina imo ndani ya jina lake. Neno hili limetokana na neno la Kiarabu siniyya, yaani kitu cha Kichina, kwa kuwa Waarabu waliiita nchi hiyo Sin. Chombo kilibadilika umbo, kikabadilika mali, kikabadilika hata kazi. Jina likabaki kama alama ya safari iliyokwisha sahauliwa.

Safari hiyo ina kituo kikubwa kimoja ambacho kinastahili kutazamwa upya na kila anayejishughulisha na lugha na utamaduni wa pwani. Kituo chenyewe ni Iraki ya kusini katika karne ya 9, hususan mji wa Basra, ambako wafinyanzi walikabiliwa na vyombo vya Kichina vilivyowazidi kwa kila hali, wakaamua kuvijibu. Katika vitabu vingi vya historia ya sanaa jibu lao limefupishwa kwa neno moja, nalo ni kuiga. Insha hii inakusudia kulichunguza neno hilo, kwani ndilo lile lile ambalo limetumika mara kwa mara kuupima utamaduni wa Waswahili na lugha yao. Hoja inayojengwa ni kwamba swali la kitu kimetoka wapi na swali la mtengenezaji amefanya nini ni maswali mawili mbalimbali, na kwamba hukumu nyingi zisizo za haki huzaliwa pale ambapo jibu la swali la kwanza linatolewa kana kwamba limekwisha lijibu la pili.

Zawadi ya Khurasani na udongo wa Iraki

Mwanahistoria Bayhaqi, aliyeandika kwa Kiajemi katika karne ya 11, anasimulia kuwa gavana wa Khurasani, Ali bin Isa, alimpelekea Khalifa Harun al-Rashid, aliyetawala kuanzia mwaka 786 hadi 809, vyombo 20 vya kauri ya kifalme ya Uchina ambavyo mfano wake haukuwahi kuonekana katika baraza la khalifa yeyote. Juu ya hivyo aliongeza vyombo vingine vya kauri vipatavyo 2,000. Masimulizi haya yaliandikwa zaidi ya karne mbili baada ya tukio lenyewe, lakini yanaonyesha jinsi ambavyo kauri ilikumbukwa: ilikuwa zawadi ya kumshangaza mtu ambaye alikwisha zoea kila kitu.

Vyombo hivyo havikufika kwa njia ya nchi kavu peke yake. Majahazi yalikuwa yakisafiri kati ya bandari za Ghuba, kama vile Basra na Siraf, na bandari za kusini mwa Uchina. Kitabu cha Kiarabu cha habari za Uchina na Bara Hindi, kilichoandikwa mwaka 851 kutokana na maelezo ya wafanyabiashara, kinastaajabia bakuli za Wachina ambazo ni nyembamba kama kioo kiasi kwamba maji yaliyomo huonekana kwa nje. Aidha, wataalamu wa Kijerumani Ernst Herzfeld na Friedrich Sarre walipoongoza uchimbuaji wa magofu ya Samarra kati ya mwaka 1911 na 1913, vigae vya Kichina vilikutwa pamoja na vigae vya Kiiraki vilivyofanana navyo kwa umbo. Ugunduzi huo ulikuwa na uzito kwa sababu Samarra ulikuwa makao makuu ya makhalifa wa Bani Abbas kati ya mwaka 836 na 892, na kwa hiyo ulivipa vigae hivyo tarehe ya kukisiwa.

Yafaa hapa ieleweke ni kitu gani hasa kilichowashinda wafinyanzi wa Iraki. Kauri ya Kichina hutegemea udongo mweupe wenye kaolini pamoja na mawe maalumu yaliyosagwa, na huchomwa katika tanuri lenye joto la nyuzi 1,300 hivi za Selsiasi. Katika joto hilo udongo wenyewe hushikamana ukawa kama jiwe, ukatoa sauti ya kengele ukigongwa. Udongo wa mito ya Iraki haukuwa wa namna hiyo. Una chokaa nyingi. Ukichomwa hutoka na rangi ya manjano hafifu, na hauwezi kustahimili moto wa tanuri la Kichina bila ya kuharibika umbo. Mfinyanzi wa Basra hakukosa bidii wala akili. Alichokosa ni mchanga uliokuwa chini ya miguu ya mwenziwe wa Hebei.

Waswahili husema kuwa asiyekubali kushindwa si mshindani. Mafundi wa Basra walikubali kushindwa katika udongo, na kwa kukubali huko wakahamisha mashindano kutoka ndani ya chombo kwenda juu yake.

Bati, buluu na mng'aro

Vyombo vingi vya udongo hufunikwa kwa utando mwembamba wa kioo unaoyeyushwa juu yao katika tanuri. Kwa kawaida utando huo hupenyeza mwanga, na rangi ya udongo huonekana. Wafinyanzi wa Iraki waliutia utando wao oksidi ya bati, ambayo chembechembe zake huzuia mwanga kupita, hivyo utando ukawa mweupe na mzito. Udongo wa manjano ukajificha. Bakuli likatoka na ukingo uliopinduka kidogo na tako fupi kama lile la bakuli jeupe la Uchina ya kaskazini, na mtu akilitazama kwa mbali angeweza kudanganyika. Akilinyanyua angegundua mara moja kwamba ni jepesi na laini, tena hukwanguka kwa urahisi.

Hata katika hatua hii ya kwanza, ambapo nia ya kufananisha ni dhahiri, mbinu yenyewe haikutoka Uchina. Uchunguzi wa kimaabara uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa matumizi ya bati katika utando wa vyombo yalikwisha anza Misri na Shamu katika karne ya 8, na kwamba yalihusiana na ujuzi wa kale wa mafundi wa vioo wa maeneo hayo. Kwa maneno mengine, haja ya weupe ilichochewa na Uchina, lakini ufunguo wa kuufikia ulikuwa tayari umo nyumbani. Bati lenyewe lilikuwa bidhaa ya bahari. Waandishi wa Kiarabu waliitaja Kalah, bandari ya upande wa rasi ya Malay, kuwa chimbuko lake, na jina la Kiarabu la madini hayo, qal'i, huhusishwa na mahali hapo. Msomaji wa Kiswahili atalitambua katika neno kalai, lile bati la kuungia vyuma.

Baada ya kupata uso mweupe, mafundi wa Basra walifanya jambo ambalo mabakuli meupe ya Uchina hayakuwa nalo: waliandika juu yake. Walichukua kobalti wakachora kwa rangi ya buluu majani ya mtende, duara za nusu mwezi, na hasa maneno. Katika bakuli moja lililohifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Metropolitan, New York, neno ghibta, lenye maana ya furaha na neema, limeandikwa mara mbili katikati ya weupe mtupu. Katika mengine imo dua ya baraka kwa mwenye chombo, na katika machache fundi ametaja jina lake. Kuacha sehemu kubwa ya uso bila pambo lolote ni uamuzi wa mtu aliyejua thamani ya kimya.

Hatua ya tatu ilikuwa ya ajabu zaidi. Mafundi walichanganya misombo ya fedha na shaba na salfa, udongo mwekundu na siki, wakachora kwa mchanganyiko huo juu ya chombo kilichokwisha chomwa na kupoa. Chombo kikarudishwa tanurini kwa moto wa chini, nyuzi 600 hivi, huku tanuri likinyimwa hewa ili lijae moshi. Moshi ulizinyang'anya fedha na shaba oksijeni yake, zikabaki chembe za madini matupu ndani ya ngozi ya utando. Chombo kilipotolewa na kufutwa masizi, kiling'aa kama dhahabu, na mng'aro wake ukabadilika kila kilipogeuzwa. Mbinu hii ilikwisha tumiwa juu ya vioo huko Misri na Shamu. Kuihamishia juu ya udongo ndiyo iliyokuwa kazi ya Iraki. Uchina ya wakati huo haikuwa na chochote cha kulingana nayo.

Nani alimwiga nani?

Kwa muda mrefu jibu la swali hili lilionekana kuwa jepesi: Uchina ilibuni, nchi za Kiislamu zikafuata. Vyombo vya Kiiraki vyenye michirizi ya kijani, manjano na kahawia vilihesabiwa kuwa nakala za vyombo vya rangi tatu vya enzi ya Tang. Baadaye baadhi ya wataalamu walilitilia shaka dai hilo, kwa kuwa vyombo vya rangi tatu vilitengenezwa hasa kwa ajili ya makaburi, na vingi vyake ni vya kipindi kilichotangulia. Kufanana kwa michirizi peke yake si ushahidi wa kutosha wa ukoo.

Jambo lililovuruga zaidi mpangilio wa zamani lilitoka baharini. Mwaka 1998 mabaki ya jahazi yaligunduliwa karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia. Shehena yake ilikuwa na vyombo vipatavyo 60,000, wingi wake mabakuli ya Changsha, na bakuli moja lilikuwa na tarehe inayolingana na mwaka 826. Miongoni mwa shehena hiyo zilikuwamo sahani tatu nyeupe zilizochorwa kwa buluu ya kobalti, kazi ya matanuri ya Gongxian katika jimbo la Henan. Pambo lake, msambamba uliozungukwa na majani, linafanana mno na mapambo ya Iraki. Kwa hiyo fundi wa Kichina naye alikuwa akimtazama mteja wa Ghuba na kumtengenezea kitu cha kumpendeza. Wakati huo huo fundi wa Basra alikuwa akimtazama Mchina. Mtu anayetaka kujua ni nani aliyetangulia analazimika kukiri kwamba ushahidi unamwonyesha watu wawili wanaozungumza, kila mmoja akimjibu mwenziwe.

Jahazi lenyewe lina la kusema. Mbao zake zilikuwa zimeshonwa kwa kamba bila ya misumari, ufundi ambao mjuzi wa mtepe wa Waswahili ataufahamu bila ya tafsiri. Baadhi ya mbao hizo zilitambuliwa kuwa za Afzelia africana, mti wa Afrika wa jamii ya mkongo. Hivyo chombo kilichobeba kauri ya Uchina kuelekea kwa wateja wa Bani Abbas kilikuwa kimejengwa, walau kwa sehemu, kwa miti ya bara la Afrika.

Mazungumzo hayo hayakukoma. Karne tano baadaye, katika karne ya 14, matanuri ya Jingdezhen yalianza kutoa kwa wingi kauri nyeupe yenye michoro ya buluu iliyokuja kujulikana dunia nzima kuwa ndiyo Uchina yenyewe. Kobalti iliyotumika ilitoka Uajemi, na wateja wakubwa walikuwa wa nchi za Kiislamu. Kwa upande mwingine, utando wa bati na mng'aro wa madini vilisafiri kuelekea magharibi. Zaidi ya vigae 100 vya mng'aro vilivyotengenezwa katika karne ya 9 vimepamba kibla cha Msikiti Mkuu wa Kairouan, Tunisia. Baadaye ufundi huo ulistawi Misri, Uajemi na Hispania, na utando wa bati ukafika Italia na Uholanzi. Kazi iliyoanza kwa kufidia upungufu wa udongo ikawa shule ya mabara matatu.

Moshi wa Basra

Mnamo mwaka 1991 Robert Mason na Edward Keall walichapisha uchunguzi wa vigae vilivyopatikana Siraf. Walizitazama chembe za madini zilizomo ndani ya udongo kwa hadubini, wakahitimisha kuwa vyombo hivyo vya utando vilitoka Basra. Mji ambao mwanasanaa anaukumbuka kwa mng'aro wa dhahabu ndio huo huo ambao Mswahili anaukumbuka kwa jambo jingine.

Katika mabonde ya chumvi kandokando ya Basra walifanyishwa kazi maelfu ya watumwa. Kazi yao ilikuwa kukwangua tabaka la juu la ardhi lililojaa chumvi ili chini yake papatikane shamba la kulimika. Wengi wao waliitwa Zanji, jina ambalo waandishi wa Kiarabu walilitumia kwa watu wa pwani ya Afrika Mashariki, ijapokuwa wataalamu hawakubaliani juu ya wangapi kati yao walitoka huko. Mwaka 869 waliasi. Mwaka 871 waliuteka mji wa Basra, wakaua watu wengi na kuuteketeza, na uasi wao haukuzimwa hadi mwaka 883.

Ni vigumu kuzitazama bakuli za Basra kwa macho yale yale baada ya kuzikumbuka tarehe hizi. Dua ya baraka iliyoandikwa kwa buluu ilimhusu mwenye bakuli. Methali ya Kiswahili inasema kuwa mfinyanzi hulia gaeni; mtumwa wa mabonde ya chumvi hakuwa na hakika hata ya hicho kigae. Uzuri wa vyombo hivi haupungui kwa sababu hiyo, lakini haufai kusimuliwa kana kwamba ulizaliwa katika mji usiokuwa na mashamba wala minyororo. Yeyote anayesifu kukutana kwa tamaduni katika Bahari ya Hindi hana budi kuuliza pia ni nani aliyekutanishwa kwa hiari yake na ni nani aliyeburutwa.

Vigae vya pwani na somo la udongo

Vigae vya utando mweupe kutoka Iraki vimepatikana Manda na Shanga katika visiwa vya Lamu, na pia Unguja Ukuu, pamoja na vipande vya mitungi mikubwa yenye utando wa rangi ya kijani-buluu na vya mabakuli ya Changsha. Neville Chittick aliyechimbua Manda alivipa vitu hivi vya kigeni uzito mkubwa katika kueleza chanzo cha mji huo. Sababu mojawapo inaeleweka: kigae chenye utando kinatambulikana na kina tarehe, ilhali kigae cha chungu cha kienyeji kilihesabiwa kuwa hakina la kusema. Matokeo yake ni kwamba sehemu ndogo ya vigae ilisimulia habari za mji mzima. Uchunguzi uliofuata, ukiwamo ule wa Mark Horton huko Shanga katika miaka ya 1980 na ule wa Felix Chami juu ya pwani ya Tanzania, uliochapishwa mwaka 1994, uliurudisha ushahidi kwenye vyungu vya kienyeji vilivyopambwa kwa michoro ya kukwaruzwa. Ilidhihirika kuwa wenyeji wa miji hiyo walikuwa wapishi wenye vyungu vyao, ambao pia walinunua bakuli za mbali walipoweza.

Mafunzo ya lugha yalipitia njia iyo hiyo. Palikuwa na wakati ambapo wingi wa maneno ya Kiarabu ulichukuliwa kuwa ushahidi wa asili ya Kiswahili. Kazi za Derek Nurse na Thomas Spear za mwaka 1985, na za Nurse na Thomas Hinnebusch za mwaka 1993, zilisisitiza kuwa ukoo wa lugha hutafutwa katika sauti, sarufi na msamiati wa msingi, na kwa vipimo hivyo Kiswahili ni lugha ya Kibantu ya kundi la Sabaki. Walichofanya wanaisimu hao kinalingana na alichofanya Mason kwa hadubini: hawakudanganyika na utando, walisoma udongo.

Hata hivyo, mlinganisho huu usiishie hapo, maana una hatari yake. Mtu akishathibitisha kuwa udongo ni wa nyumbani anaweza kushawishika kuuona utando kuwa jambo la juujuu, au hata la aibu, akasema kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako. Basra inafundisha kinyume cha hayo. Hakuna anayelitunza bakuli la Kiiraki kwa sababu ya udongo wake wa manjano. Ubunifu wote umo katika utando: katika uamuzi wa kutia bati, kuandika neno moja tu, kuthubutu kurudisha chombo kizima kwenye moshi. Udongo unajibu swali la ukoo. Utando unajibu swali la kazi ya mikono. Vivyo hivyo, kulitaja neno la mkopo kuwa ni la Kiarabu ni kusema ukweli kuhusu lilikotoka, lakini bado haijasemwa ni nini wasemaji wa Kiswahili walichokifanya nalo, wakalipa ngeli, wakalizalia vitenzi, wakalitia katika methali na mashairi hadi likakataa kurudi.

Hitimisho

Neno kauri lenyewe linaweza kufunga mjadala huu. Katika Kiswahili kauri ni kombe dogo la pwani linalong'aa, na pia ni kile chombo cheupe cha udongo kinachong'aa kama kombe hilo. Waitalia nao, bila ya kushauriana na mtu wa pwani, waliita kauri ya Uchina porcellana, ambalo ni jina lao la kombe lile lile. Watu wawili walioachana kwa mbali waliona kitu kigeni kimoja, na kila mmoja akakielewa kwa kutumia kitu alichokizoea. Huo ndio mwanzo wa kila kujifunza, na neno kuiga halitoshi kuueleza.

Wafinyanzi wa Basra walitamani kitu ambacho ardhi yao haikuweza kuwapa. Wangeweza kukidharau au kukinunua tu. Walichagua njia ngumu ya kukitafutia jibu kwa udongo waliokuwa nao, na jibu hilo likawa kubwa kuliko swali. Mtafiti anayekuta kigae chao katika mchanga wa Unguja Ukuu ana maswali mawili ya kukiuliza, na ana wajibu wa kuyauliza yote mawili, pamoja na la tatu kuhusu wale ambao hawakuandikiwa baraka yoyote. Ama sinia, litaendelea kubeba pilau huku jina lake likiitaja Uchina. Hakuna mlaji anayelazimika kujua habari hiyo ili ashibe, lakini anayeijua hatathubutu tena kusema kuwa chombo hicho si chake.